Uzi: Nimeijaribu BigQuery kwa kamradi kadogo. Jua kinachohesabiwa kabla hujaandika kwiri ya kwanza

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila baada ya muda anatokea mtu humu anauliza: "Nina mradi mdogo, nitumie jukwaa gani la data la wingu?" Majibu yanakuwa orodha ya majina, kila mtu anavutia kwake, uzi unakufa. Nikaona nichukue moja ambalo sijawahi kuligusa, BigQuery ya Google, nilipatie kazi ya kweli halafu nije niseme nilichokikuta. Sijalipwa na mtu. Kazi yangu ya kila siku ni PostgreSQL, kwa hiyo macho yangu ni ya mtu aliyezoea hifadhidata ya kawaida. Anayetokea kwenye Excel ataona mengine.

Mradi wenyewe: nina kitambuzi kinachopima joto na mvua, kinaandika kipimo kila dakika tano kwenye faili la CSV. Nataka kujua vipimo vyake vinakwenda sambamba kiasi gani na vya vituo rasmi vya hali ya hewa. Basi, hakuna kingine. Mwaka mzima wa vipimo ni mistari 105,120. Kwa ukubwa huo hakuna anayehitaji wingu, nalisema mapema ili msinirukie.

Kilichonipeleka huko ni data ya watu wengine. NOAA, taasisi ya Marekani inayoshughulika na bahari na anga, hutoa muhtasari wa kila siku wa vituo vya dunia nzima unaoitwa GSOD. Majedwali yanaanzia mwaka 1929, na ndani ya BigQuery yameshapakiwa, jedwali moja kwa kila mwaka. Hupakui kitu, husafishi mafaili, unaandika kwiri, yaani swali kwa SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata), na kuyaita kwa jina. Kwangu hiyo ndiyo sababu pekee ya maana ya mradi mdogo kwenda kwenye jukwaa kubwa: data unayotaka kulinganisha nayo tayari inaishi huko.

Kuanza hakuna kazi. Kuna hali ya majaribio isiyodai kadi ya benki. Unapewa gigabaiti 10 za kuhifadhi na terabaiti 1 ya kusoma kila mwezi. Ukimaliza terabaiti yako, kwiri zinakataliwa hadi mwezi ufuatao, bili haiji kwa sababu hakuna pa kuipeleka. Ila ina masharti yake. Jedwali lolote utakalotengeneza humo linafutwa baada ya siku 60. Huwezi kutumia INSERT, UPDATE wala DELETE, yaani kuongeza, kubadilisha au kufuta mistari. Huwezi kumwaga data mfululizo inavyozaliwa. Unapakia faili zima kwa mkupuo. Kwa CSV yangu hilo halikuwa tatizo hata kidogo, napakia kupitia kivinjari na kupakia hakutozwi.

Sasa njooni kwenye kiini. Ukitoka PostgreSQL umezoea kufikiri kwa mistari: nikiweka WHERE (kichujio) nzuri na faharasa ipo, injini itasoma mistari michache na kwiri itakuwa nyepesi. Huku futa hayo. Data imepangwa kwa safu za wima, kila safu imehifadhiwa peke yake, na unachohesabiwa ni baiti za safu ulizozitaja, zote, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ukitaja safu mbili kati ya thelathini, unahesabiwa mbili. Ukiandika SELECT *, yaani safu zote, umejitakia.

Na LIMIT 10? Kwenye jedwali la kawaida haipunguzi kitu. Unaletewa mistari kumi, unahesabiwa jedwali zima. WHERE nayo vilevile, isipokuwa jedwali liwe limegawanywa kwa tarehe au kupangwa kwa safu fulani, na wewe unachuja kwa hiyo hiyo. GSOD imekaa vizuri hapo kwa sababu kila mwaka ni jedwali lake. Ukitaka 2023, unaita gsod2023 na miaka mingine haiguswi.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya kichwani. Namba nzima, namba ya desimali na tarehe ni baiti 8 kila moja. Maneno ni baiti 2 na juu yake urefu wa neno lenyewe. Jedwali la mistari milioni 4, ukisoma safu tatu za namba, ni megabaiti 96. Unaweza kulirudia zaidi ya mara elfu kumi kabla terabaiti haijaisha. Kwa hiyo si kwamba ni ghali, bali wengi wanaingia bila kujua mita imefungwa wapi. Kabla hujabonyeza kitufe cha kuendesha, juu ya dirisha panaandikwa kwiri hii itasoma kiasi gani. Soma pale kwanza. Na ukitaka tu kuona sura ya jedwali, kuna kichupo cha kuchungulia, hicho ni bure kabisa.

Kwiri yangu ya msingi ilikuwa hii, namba ya kituo nimeitoa (temp ni joto, prcp ni mvua):

`SELECT year, mo, da, temp, prcp`
`FROM bigquery-public-data.noaa_gsod.gsod2023`
`WHERE stn = '...'`

Majina ya majedwali unaweza kuyafungia kwenye alama za mkato wa nyuma (backtick), zamani ilikuwa lazima kwa sababu ya kile kistari kwenye jina la mradi. Wageni wengi walikuwa wanakwama hapo.

Uzi uko wazi. Maswali, matusi, vyote karibu.

#2

Naweka kambi. Endelea mkuu.

#3

Mkuu nimekusoma vizuri, lakini mbona hii ni kazi ya DuckDB? Hifadhidata ya kwenye mashine yako, programu moja, haina seva, haina akaunti, haina mita. Imetoka CWI, taasisi ya utafiti wa hisabati na kompyuta kule Amsterdam, mwaka 2019, inasoma CSV na Parquet (mafaili ya data yaliyopangwa kwa safu za wima) moja kwa moja kutoka kwenye diski, na SQL yake imenyooka. Mistari laki moja na ushee inaimaliza kabla hujaondoa kidole kwenye kitufe. Unakwenda kukodi trekta kupalilia bustani.

#4 Mleta uzi

Mkuu wa #3, hatubishani. Kwa CSV yangu peke yake ningetumia DuckDB na nisingefungua uzi. Nao wamepanga data kwa safu za wima vilevile, ila mashine ni yako, hivyo SELECT * haimuumizi mtu.

Tofauti ni GSOD. Ningetakiwa kupakua mafaili ya vituo, kuyafungua, kuyaunganisha, kusawazisha safu, ndipo nianze. Kule ile kazi imeshafanywa na mtu. Tena nilipotaka kuongeza miaka kumi nyuma nilibadilisha jina la jedwali kuwa `gsod*` nikachuja kwa `_TABLE_SUFFIX` (mkia wa jina, hapa ni mwaka), biashara ikaisha. Lakini nakubali jambo moja: baada ya kupata kipande kidogo ninachokihitaji, nilikishusha kwenye laptopu na kazi iliyobaki naifanya na hiyo DuckDB yako. Hakuna sheria inayosema lazima ubaki ulikoanzia.

#5

Samahani wakuu, mimi mgeni kidogo. Nimefuata hatua za #1, nimetengeneza seti yangu ya data (kama folda ya majedwali), nikapakia CSV, ikakubali. Kwiri ya GSOD peke yake inakubali. Kwiri ya jedwali langu peke yake inakubali. Nikiyaunganisha naambiwa seti ya data haipo. Ipo, naiona kwa macho yangu hapo kushoto!

#6 Mleta uzi

Dada/kaka wa #5, wakati unatengeneza seti yako uliulizwa eneo. Nakisia umechagua EU, au mji fulani. GSOD imekaa US. Kwa kawaida kwiri moja haiwezi kuunganisha majedwali yaliyo maeneo mawili tofauti, na ujumbe wa kosa unasema "haipo" ukimaanisha "haipo katika eneo hili". Rudi uusome hadi mwisho, jina la eneo limeandikwa mkiani.

Eneo la seti halibadilishwi likishawekwa. Kwa kuwa faili lako ni dogo, tengeneza seti mpya eneo la US, pakia upya, futa ile ya zamani. Kwenye mradi wa kampuni wenye data za watu ungeanza kwa kuuliza sheria inaruhusu data ikae wapi, lakini vipimo vya mvua havina siri.

#7

#5 tena. Imekubali! Asante sana mkuu, nilikuwa nakaribia kuiacha.

#8

Mimi niko upande wa Snowflake, jukwaa jingine la data la wingu, niwape picha ya huko kwa sababu mita yake imefungwa mahali pengine kabisa.

Huko hawahesabu baiti ulizosoma. Wanahesabu muda ambao injini ya hesabu imekuwa macho, wao wanaiita ghala. Ghala dogo kuliko yote linakula krediti 1 (kipimo chao cha malipo) kwa saa. Linahesabiwa kwa sekunde, lakini kila linapoamka lazima lihesabiwe sekunde 60 hata kama kwiri yako imechukua sekunde mbili. Kwa hiyo swali la Snowflake si "nimesoma safu ngapi", ni "ghala limelala?" Kuna mpangilio wa kulilaza lenyewe likikaa bila kazi. Ukilitengeneza kwa SQL bila kusema kitu, linasubiri sekunde 600 ndipo lilale. Kwa mradi mdogo hizo ni dakika kumi za kuchoma krediti bure. Liwekeni sekunde 60 kabla ya kitu kingine chochote.

Majaribio yao ni siku 30, na kadi hawadai mwanzoni. Kwa kujifunza panatosha. Kwa kamradi unakotaka kakae miaka bila gharama, BigQuery ina nafuu kwa kuwa kile kiwango cha bure kinajirudia kila mwezi.

#9

Nakazia #8. Kuna jukwaa moja silitaji jina. Muda wa majaribio ulipokwisha nikafuta majedwali yote, bili ikaendelea kuja. Kumbe seva ya hesabu ni kitu kinachojitegemea, ina ukurasa wake kwenye menyu nyingine, na haifi kwa kufuta data. Kuwapata watu wa huduma kwa wateja ilikuwa safari, na jibu lao likawa ni kiungo cha mwongozo. Toka siku hiyo nikifungua akaunti mpya popote, cha kwanza natafuta kitufe cha kuzima, ndipo nitafute cha kuwasha.

#10

Swali kwa mleta uzi. Ninataka dashibodi ya mradi kama wako, chati kama kumi hivi, zijisasishe kila dakika. Jedwali langu ni dogo, halifiki hata megabaiti tatu. Kwa hesabu zako za #1 si naweza kuendesha milele bila kugusa terabaiti?

#11 Mleta uzi

Mkuu, hapo ndipo wadogo tunapoliwa. Kuna kima cha chini: kila jedwali linaloguswa na kwiri linahesabiwa angalau megabaiti 10, hata kama lina megabaiti mbili na nusu kama langu. Kwa hiyo udogo wa data yako haukusaidii chini ya hapo.

Piga hesabu. Siku 30 zina dakika 43,200. Zidisha kwa chati 10, ni kwiri 432,000. Kila moja megabaiti 10. Umefika terabaiti nne na ushee, na data yako haijafika hata megabaiti tatu. Badilisha isasishwe kila saa: kwiri 7,200, gigabaiti 72. Humo unalala usingizi.

Halafu jiulize, kitambuzi kinaandika kila dakika tano na unapakia faili mara moja kwa siku. Chati ikisasishwa kila dakika itaonyesha nini kipya?

Kuna msaada mwingine ambao ni bure. BigQuery inatunza jibu la kwiri kwa takriban saa 24. Ukirudia kwiri ile ile, herufi kwa herufi, na jedwali halijabadilika, unapewa jibu lililotunzwa na huhesabiwi kitu. Kinachoharibu ni kuweka CURRENT_DATE() au CURRENT_TIMESTAMP(), yaani tarehe au saa ya sasa hivi, ndani ya kwiri, kwa sababu jibu lake linabadilika kila mara, hivyo halitunzwi. Dashibodi nyingi zinaweka hicho kitu zenyewe bila kukuuliza. Dawa yake: tarehe ikokotolewe nje, iingie kwenye kwiri ikiwa imeandikwa wazi kama '2024-03-01'. Siku nzima kwiri inabaki ile ile.

#12

Je, mtu akiweka kadi na kutoka kwenye hali ya majaribio, si anaweka bajeti tu inamlinda?

#13 Mleta uzi

Bajeti inapiga kelele, haifungi mlango. Ni tahadhari kwa barua pepe kwamba umefika asilimia fulani, matumizi yanaendelea. Kinachofunga kweli ni viwili: kikomo cha baiti kwa kila kwiri, ambapo kwiri ikitaka kusoma zaidi inakataliwa na hutozwi, na kikomo cha jumla kwa siku kwa mradi mzima. Weka vyote siku ile ile unayoweka kadi.

Na kama unaiunganisha na skripti, ule ufunguo wa akaunti ya huduma usiuweke kwenye hazina ya wazi ya msimbo. Kuna roboti zinazotembea usiku na mchana kuzitafuta hizo.

#14

Nimekuwa kimya nasoma. Nafanya kazi na data za hali ya hewa, na nina wasiwasi na lile `prcp` na `temp` kwenye #1. Umezitumia hivyo hivyo?

GSOD haiachi nafasi wazi pale kipimo kinapokosekana, inaweka namba. Joto lililokosekana ni 9999.9, mvua ni 99.99. Ukipiga wastani bila kuziondoa unapata maajabu. Chukua mwezi wenye siku 29 za Farenhaiti 70 na siku moja yenye 9999.9: wastani unakuja 401. Hiyo ni zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, unaoka mkate. Hapo utashtuka. Hatari ni pale kosa linapopotea ndani ya jumla ya mwaka na namba inabaki na sura ya kuaminika.

Mvua ni mbaya zaidi. Vipimo viko kwa inchi, kwa hiyo 99.99 ni kama milimita 2,540 kwa siku moja. Rekodi ya dunia ya saa 24 ni milimita 1,825, Foc-Foc kisiwani Réunion, Januari 1966. Jedwali lako linaweza kuivunja mara kadhaa kwa mwaka bila wewe kujua.

#15 Mleta uzi

Mkuu wa #14, umekuja wakati wake. Nilizichuja kwa `NULLIF(temp, 9999.9)` na `NULLIF(prcp, 99.99)`, zinazogeuza namba hizo kuwa nafasi tupu, sikuyaandika #1 kwa sababu niliona uzi unarefuka. Lakini kwenye mvua nilisimama kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya mradi huu, na ningependa maoni yako.

Mwongozo wa GSOD unasema vituo vingi havitumi sifuri siku isiyo na mvua, kwa hiyo 99.99 mara nyingi inatokea siku ambayo haikunyesha. Maana yake namba moja inabeba mambo mawili: "hatujui" na "ilikuwa kavu". Nikiifanya sifuri, nazikausha siku ambazo pengine ilinyesha na kipimo kikapotea. Nikiitupa, nabaki na siku za mvua tu na kituo kinaonekana cha kitropiki. Jukwaa haliwezi kukuamulia hilo, hata liwe na kasi gani.

#16

#14 hapa. Ndivyo. Sisi hatutumii kanuni moja kwa vituo vyote. Angalia kituo chako kwanza: je, kwa mwaka mzima kinatuma 0.00 hata mara moja? Kama kinatuma, basi 99.99 kwake ni kukosekana kweli, itupe. Kama hakina hata sifuri moja, hicho ni miongoni mwa vile visivyotuma, na utalazimika ama kukiacha ama kukubali makisio na kuyaandika wazi. Kwiri ya mstari mmoja, `COUNTIF(prcp = 0)`, inahesabu siku zenye sifuri na inakupa jibu.

Pia muhtasari wa siku unafuata saa za Greenwich (UTC), 0000 hadi 2359. Saa ya kitambuzi chako ikiwa ni ya mahali kilipo, siku zako na zao hazianzi pamoja. Usilinganishe mvua ya siku na siku kabla hujahamisha saa.

#17 Mleta uzi

Hiyo COUNTIF nimeiendesha sasa hivi kwa vituo vitatu vya karibu. Viwili vinatuma sifuri, kimoja hakina hata moja. Nimekitoa. Saa nilishazigeuza kuwa UTC kabla ya kupakia, BigQuery yenyewe inatunza TIMESTAMP (tarehe na saa) kwa UTC, ila ukipakia maandishi yasiyo na alama ya eneo inachukulia kwamba ni UTC na haikuonyi.

#18

Nimepakia CSV yangu mara mbili, naona mistari imejirudia yote. Niliweka ufunguo wa msingi (unaotakiwa kuzuia kujirudia) kwenye safu ya namba ya kipimo. Hii ni hitilafu?

#19 Mleta uzi

Si hitilafu. Ufunguo wa msingi unaweza kuutangaza lakini hausimamiwi, ni taarifa kwa injini tu. Snowflake nao ni hivyo hivyo kwenye majedwali yao ya kawaida. Sisi wa PostgreSQL inatuchoma mwanzoni. Unapopakia chagua kufuta na kuandika upya badala ya kuongeza, au tengeneza jedwali safi kwa `CREATE OR REPLACE TABLE ... AS SELECT DISTINCT`, hiyo inakubalika hata bila kadi. Na angalia matokeo, usitegemee wastani pekee. Mistari ikijirudia yote sawasawa, wastani haubadiliki hata kidogo, jumla ndiyo inakuwa mara mbili.

#20

La mwisho kutoka kwangu: siku 60 zikiisha unafanyaje? Unahamisha vipi?

#21 Mleta uzi

Sihamishi. CSV asili haijawahi kuondoka kwenye diski yangu, na kila jedwali nililotengeneza kule nina SQL yake kwenye faili la maandishi. Nikihitaji tena napakia na kuendesha faili lile kutoka juu hadi chini. Matokeo ya mwisho ni madogo, nimeyashusha kwa kivinjari, ambacho kinaruhusu CSV hadi megabaiti 10. Kikubwa zaidi ya hapo unaweza kukipeleka Google Drive, au kwenye hifadhi yao ya mafaili, ambayo inataka kadi. Ukiamua kuweka kadi na kubaki, kumbuka kwamba majedwali ya zamani yanaendelea na ile tarehe yake ya kufutwa mpaka uibadilishe mwenyewe, moja moja.

Mkuu wa #10, dashibodi ikiwa tayari ilete humu tuione.